Bangili Niliyosema Nimeitupa Chooni

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nazijua tabia zetu sisi wasomaji wa ukurasa huu. Mtu akianza tu kuungama, tunaanza kumtafutia visingizio: alikuwa kijana, alidanganywa, shetani alimpitia. Mimi msinitafutie. Nilijua nilichokuwa nafanya wakati nakifanya, na akili zangu zilikuwa timamu kabisa.

Mimi ni mwanamke, mwalimu mstaafu, naishi Somanda hapa Bariadi. Jina langu liacheni lilipo. Majina nitakayotaja humu nimeyabadilisha, lakini kinyesi nitakachokitaja ni kinyesi kweli, mnisamehe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Walioiona wanaikumbuka. Mitumba imejaa minadani, watu binafsi wamekuja na mizani zao kununua pamba, vyama vya siasa vinaota kila kona, na kila Jumamosi kuna mkutano wa injili wenye spika kubwa uwanjani. Kila mtu alikuwa na la kusema miaka hiyo. Mimi nilikuwa na la kusema kuliko wote!

Nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi ya serikali, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Nimezaliwa Ipililo, kwenye nyumba ya pamba na kanisa, na nilikuwa nimeokoka upya, ule wokovu wa mwaka wa kwanza ambao mtu hawezi hata kununua chumvi bila kumhubiria muuzaji. Nilitaka watoto wasali mstarini kila asubuhi, kwa sauti, kwa jina la Yesu.

Mwalimu Mkuu alinikatalia. Alikuwa mtu wa zamani, wa suti ya kaunda na maneno machache.

"Mwalimu, shule ya serikali haina dini," aliniambia. "Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba. Mstarini tunaimba wimbo wa taifa, tunakagua kucha, tunaingia darasani."

Nikamwona mpagani. Nikamwona kizuizi.

Basi ikatangazwa kwamba wajumbe wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kubadilisha katiba watafika kwenye kata yetu. Nilifurahi, nikasema Mungu amenifungulia mlango. Nikakaa chini nikaandika pendekezo. Mpaka leo nalikumbuka neno kwa neno: "Kila mwanafunzi wa shule ya serikali awe huru kuonyesha imani yake, kwa sala, kwa mavazi na kwa alama, popote ndani ya shule, na asizuiwe na mtu yeyote."

Zuri, eh? Lisome tena. Halafu endelea kunisikiliza.

Mwandiko wangu ni mbaya, kwa hiyo nilimwita Kabula anakili pendekezo kwenye karatasi safi. Kabula alikuwa darasa la saba, msichana mwembamba, mwandiko wake umenyooka hata bila mistari. Darasani alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa binti yangu wa kumzaa, Neema, na walikuwa wanakaa dawati moja. Nasema kweli hilo nalo lilikuwa linaniuma, mtoto wa mwalimu kushindwa na mtoto wa mchunga ng'ombe.

Kabula alikuwa anavaa bangili ya shaba mkono wa kushoto. Hapo lazima nieleze, maana wasomaji wa mbali hawatajua.

Kwetu Usukumani, mtoto mchanga akilia mchana na usiku bila kunyamaza, wazee huenda kuuliza kwa mganga, na mara nyingi huambiwa kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake. Mtoto akipewa jina hilo ananyamaza. Kabula alilia hivyo, akapewa jina la bibi yake mzaa baba, na bangili ya yule bibi ikakunjwa mpaka ikatosha kwenye kamkono kake. Alivyokua, ikawa inapanuliwa kidogo kidogo. Familia yao ilikuwa watu wa masamva, yaani wa kuwaheshimu mababu waliokufa, hawakuwa na kanisa wala msikiti.

Tangu siku hiyo baba yake hakumwita mwanangu. Alimwita mayu, yaani mama. Asubuhi yeye baba, na ndevu zake, ndiye aliyeanza kumwamkia: "Mwangaluka, mayu." Na hakwenda kufungulia ng'ombe mpaka aitikiwe.

Na kuna kitu kingine, ndicho kikubwa. Yule bibi kabla ya kufa alikuwa akisema dunia imemnyima jambo moja tu, kusoma. Kwa hiyo Kabula alipofika umri, baba alisema mama anataka shule, akampeleka. Dada zake wawili waliozwa kwa ng'ombe kabla ya kumaliza darasa la tano. Kabula hakuguswa. Washenga walipokuja kumuulizia, baba aliwacheka: "Nani anaoza mama yake?"

Mnaelewa? Ile bangili ndiyo iliyokuwa inamweka shuleni yule mtoto!

Na mimi nilikuwa naelewa. Kabula mwenyewe alinieleza yote alipokuwa darasa la tano, siku nilipomuuliza kuhusu ile bangili, wawili tu, tukisahihisha daftari. Alinieleza kwa kuniamini. Kanuni za shule zilikataza mapambo, lakini Mwalimu Mkuu alijua habari hiyo, akafumba macho.

Sasa siku ya kunakili, Kabula yuko ofisi ya walimu, anaandika. Kuna walimu wengine wawili wanakunywa chai. Alipofika katikati akasimamisha kalamu.

"Samahani, mwalimu. Hapa umeandika kila mwanafunzi. Umeandika na alama."

"Ndiyo. Andika."

"Na hii yangu nayo itaruhusiwa?" Akainua mkono kidogo, bangili ikateremka.

Aliuliza kwa adabu kabisa, tena kwa furaha, kama mtu aliyeona na yeye amekumbukwa. Mwalimu mmoja alicheka ndani ya kikombe mpaka chai ikamwagika.

Nilisikia mwili wote unawaka. Mtoto wa darasa la saba amenishika mahali ambapo sikuwa na jibu, mbele ya watu! Nikamwambia, "Hiyo siyo imani. Hiyo ni ushenzi. Maliza kuandika uondoke."

Akamaliza kuandika, vizuri, bila kosa hata moja, akaondoka. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa nimeonyeshwa, na nikamchukia aliyenionyesha.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alikuwa amekwenda wilayani, na zamu ya mstarini ilikuwa yangu. Nikamwita Kabula mbele ya shule nzima. Nikatangaza kwamba leo tunamfungua mwenzetu kutoka kwenye vifungo vya giza. Nikaagiza maji na kipande cha sabuni.

Bangili ilikuwa imebana, maana alikuwa anakua. Nikapaka sabuni, nikavuta. Haikutoka. Nikamkalisha chini, nikambana mkono kwa goti langu, nikavuta tena.

"Mwalimu, usiivue," alisema kwa sauti ya chini. "Baba ataniozesha."

Nilisikia. Mstari wa mbele walisikia. Neema alikuwa hatua tatu kutoka hapo, naye alisikia. Nikapaza sauti: "Mnasikia shetani anavyojitetea?" Nikaagiza wapige makofi, wakapiga. Bangili ikatoka na ngozi ya nyuma ya kiganja. Nikamwambia aende akaoshe damu asichafue daftari.

Siku iliyofuata ndipo wajumbe walipokuja. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kata, meza moja, maikrofoni moja, watu wengi wamekaa chini. Wengine walisemea bei ya pamba, wengine mashamba, wengine vyama. Ilipofika zamu yangu nilisoma pendekezo langu, nikapigiwa makofi na watu wa kanisa letu. Ningeishia hapo! Lakini mimi nilitaka kuwaliza.

Nikafungua mkoba wangu, nikaitoa bangili, nikaiinua juu.

"Ndugu wajumbe, hivi ndivyo watoto wetu wanavyokuja navyo shuleni kwa sababu sala imekatazwa," nikasema. Kisha nikasimulia kila kitu alichoniambia yule mtoto kwa siri. Nilisimulia na kuigiza. "Baba mzima, na rungu lake, anapiga goti asubuhi: Mwangaluka, mayu! Anamwamkia mtoto wa darasa la saba! Anaogopa kumtuma hata maji, maana ni mama yake mzazi!"

Watu walicheka. Maskini ya Mungu, nilivyowachekesha! Mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia yake.

Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, na huyo mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Huyo ni mtoto tu, mama," nikajibu.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, mstari mmoja tu.

Ndipo mtu akasimama nyuma kabisa. Alikuwa baba yake Kabula. Sikujua kama yupo. Kumbe alikuwa amekaa pale muda wote, fimbo ya kuchungia imelala magotini, anasikiliza watu wanavyomcheka.

"Na mimi nina maoni," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchungia. "Ni madogo. Mwalimu anirudishie mama yangu."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mwenyekiti wa mkutano alimwambia kwa upole kwamba hilo si suala la katiba, watamalizana shuleni. Akakaa chini.

Jioni alikuja shuleni. Nilikuwa naufunga mlango wa ofisi, mkoba begani.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu.

Nikaitikia kwa shingo upande.

"Sijaja kwa ugomvi. Kile ulichomvua mama, nipe tu, nirudi nyumbani. Ng'ombe hawajanywa maji."

Bangili ilikuwa ndani ya mkoba ule ule, chini ya boksi la chaki. Niliisikia inagusa ubavu wangu kila nilipopumua. Nilikuwa nimepanga Jumamosi nipande nayo jukwaani kwenye mkutano wa injili, nitoe ushuhuda. Nikaona nikimpa leo, ushuhuda wangu umekwisha.

Nikamwambia, "Nimeitupa chooni."

Hakushtuka. "Choo kipi, mwalimu?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema, "Cha wasichana."

Akashukuru! Aliniambia asante, akageuka, akaondoka.

Asubuhi tulimkuta ameshafika. Alikuwa na jembe, ndoo, kamba na kipande cha kaniki amejifunga puani. Alikuwa anachimba upande wa nyuma wa choo cha wasichana ili alifikie shimo. Mwalimu wa zamu alitaka kumfukuza. Mwalimu Mkuu alitazama, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akasema, "Mwacheni." Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, una hakika iko mle?"

"Nina hakika," nikasema.

Alichimba siku mbili, jamani. Siku mbili! Alikuwa anachota kwa ndoo, anamwaga kwenye majani, anachokora kwa mikono, anarudi tena. Wanafunzi walikuwa wanaziba pua na kuimba. Wapita njia walisimamisha baiskeli. Kabula alitoka darasani bila ruhusa, akawa anateka maji lamboni kumletea baba yake anawe uso. Kila akimfikia, baba alikuwa anasema, "Asante, mayu. Pole, mayu."

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ofisini, dirisha limefunguliwa nusu, nasahihisha daftari, mkoba umekaa mapajani kwangu. Ningeweza kutoka. Ningeweza kuidondosha kwenye majani yale, nikasema hii hapa, nani angejua? Hilo nililiwaza siku ya kwanza saa nne. Nililiwaza tena mchana. Siku ya pili nililiwaza, nikajiambia akipata kichefuchefu ataacha mwenyewe. Nilikuwa naogopa kuonekana mwongo, basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote hii na sijaiona.

Jioni ya siku ya pili alikwenda kuoga lamboni, akarudi mbele ya ofisi, akasimama mbali ili asituudhi kwa harufu.

"Mwalimu, nimefika mpaka kwenye udongo mweupe. Mama hayumo. Ameona aibu mliyomtia, amekwenda zake." Kisha akamwangalia Kabula, na hakumwita mayu. Alimwambia, "Wewe msichana, twende nyumbani."

Hakukosea kauli. Nilimwona mtoto alivyoshtuka kuitwa vile.

Jumamosi sikutoa ushuhuda wowote. Ningetoaje? Bangili ilikuwa chooni, kata nzima ilijua, kata nzima ilikuwa imekwenda kutazama. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa kufuli langu. Niliivingirisha kwenye kipande cha kitenge, nikaizika chini kabisa ya sanduku langu la bati.

Haikupita hata miezi miwili, washenga wakarudi. Safari hii hawakuchekwa. Ng'ombe wakatolewa, akapatikana mwanaume mtu mzima upande wa Kiloleli, kule Busega. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki chache. Mwalimu Mkuu alikwenda kwa mtendaji kulalamika. Mtendaji aliahidi kushughulikia, na kweli alifika, akanywa pombe ya harusi mpaka akabebwa.

Kabla ya kuchukuliwa, Kabula alikuja shuleni kurudisha vitabu. Alikuwa amesukwa na kupakwa mafuta. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akanipa vitabu viwili kwa mikono miwili. Sasa sikilizeni nilichofanya, maana nadhani hapa ndipo Mungu aliponiacha. Nilivifungua nikavikagua. Nikamwambia, "Hiki cha Kiswahili kina doa."

"Ni mafuta ya koroboi, mwalimu," alisema. "Nilikuwa nasoma."

Nikaandika kwenye daftari la vitabu: kimerudishwa, kina doa. Akaondoka. Nyuma ya kiganja cha kushoto alikuwa na kovu jipya, bado jekundu.

Pendekezo langu halikufika popote. Katiba haikugusa sala ya mstarini, shule ikaendelea na wimbo wa taifa na ukaguzi wa kucha. Lile shimo la choo lilifukiwa, likachimbwa jingine. Mimi nilipanda cheo, nikahamia mjini, nikajenga Somanda. Nilikuwa nakaa viti vya mbele kanisani. Nawaambia msidanganyike na watu wa viti vya mbele.

Malipo yalikuja baadaye, na yaliletwa na mtu wa tumbo langu.

Mwaka mmoja niliugua, nikalazwa hospitali. Neema, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, alikuja kuniuguza. Nikamtuma nyumbani aniletee vitenge vya kubadilisha. Alirudi na vitenge mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika kitu, akakiweka juu ya shuka, mbele yangu.

"Mama, hii ni nini?"

Nikageukia ukutani.

"Mama, nimekuuliza. Mimi nilikaa naye dawati moja miaka saba. Hii naijua kuliko unavyoijua wewe. Ilikuwa inagonga dawati akiandika."

Nikasema, "Neema, nilikuwa kijana." Uongo! Nilikuwa na miaka thelathini na ushee.

"Siku ya pili nilimsaidia kubeba maji," alisema. "Unakumbuka? Nilirudi nyumbani nanuka, ukanichapa. Ukaniambia mtoto wa mwalimu hashiki ndoo ya washenzi. Na hii ilikuwa nyumbani. Ilikuwa chumba cha pili, mama, wakati unanichapa."

Hakupiga kelele. Aliniuguza mpaka nikapona, akanipikia uji, akaniogesha, hakunikosea adabu hata mara moja. Nilipotoka hospitali akanifikisha mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, mimi naondoka."

Tangu siku hiyo ananiita hivyo. Mwalimu. Akipiga simu sikukuu, "Shikamoo, mwalimu." Dawa nikikosa ananitumia, kwa jina la mwalimu. Watoto wake hawaleti. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi majuto ninayo tele, wajukuu nawaona kwenye picha za simu ya jirani.

Nilimpigia nikamwomba nifanye nini aniite mama tena. Akajibu, "Mpelekee mwenyewe." Nikakaa na jibu hilo miaka mingine minne. Miguu inauma, nauli imepanda, mvua ni nyingi, visingizio havikosekani. Mwaka huu nimekwenda.

Nilipanda basi, nikamalizia kwa bodaboda mpaka Kiloleli. Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai, ameinama, mama mnene wa makamo, wajukuu wanafukuza kuku. Mume alishakufa. Hakunitambua. Akaacha kazi yake, akapiga goti kidogo, akaniamkia:

"Mwadila, mayu."

Ndiyo salamu ya kawaida, mwanamke yeyote mtu mzima kwetu huitwa mayu. Lakini nilitaka ardhi inimeze. Nikamtajia jina langu. Akaleta kiti, akaleta maji ya kunywa, akakaa chini kwenye turubai.

Nikafungua kitambaa. Nikamweleza yote: mkoba, boksi la chaki, dirisha lililofunguliwa nusu. Nikalia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nimejiandaa hata kupigwa. Nilikuwa nimejiandaa zaidi kusamehewa, nisiwafiche.

Aliishika bangili, akaigeuza, akajaribu kuipitisha. Iliishia kwenye vidole. Akanirudishia.

"Baba amekufa," alisema. "Unajua walimwitaje mpaka anakufa? Mchimba choo. Wenzake walikuwa hawanywi naye kibuyu kimoja. Ng'ombe zake zikipita, watoto wanaziba pua. Alikuwa anasema haidhuru, nilikwenda kumtafuta mama mahali alipokuwa, sikumkuta, nilifika nimechelewa."

"Nisamehe," nikasema.

"Subiri, mwalimu. Ukiniachia hii leo, baba yangu anakuwa mjinga. Anakuwa alichokora mavi ya watu siku mbili, na wewe unamtazama, na kitu kiko kwenye mkoba. Unataka nimfanyie hivyo marehemu? Nikiulizwa na hawa watoto imetoka wapi, niwaambie hivyo?"

Alikuwa amenishika tena. Kama siku ile ya kunakili.

"Ulisema umeitupa chooni," akaendelea, taratibu, sauti ile ile ya kuniuliza jambo kwa adabu. "Wewe ni mwalimu wangu. Sitaki uwe mwongo. Choo kile pale."

Akanionyesha kwa kidole. Choo cha udongo, mlango wa gunia, nyuma ya banda la mbuzi.

Nilimwangalia nione kama anatania. Alikuwa ameshainama anaendelea kugeuza mpunga.

Nikaenda. Hatua hazizidi thelathini, na sijawahi kutembea mbali vile. Niliinua gunia, nikasimama juu ya tundu, bangili mkononi. Ilikuwa imepata joto la kiganja changu. Nikaiachia. Ilichukua muda kidogo, kisha nikaisikia imefika.

Nilipotoka alikuwa ananisubiri na kata ya maji. Akanimiminia ninawe mikono, mara mbili, akanipa na sabuni. Akasema chakula kiko tayari, nisiondoke na njaa, safari ni ndefu. Nikala ugali wake na dagaa. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza tena.

Nimempigia Neema kumwambia nimekwenda. Akauliza, "Aliipokea?" Nikamweleza. Nikasikia watoto wake wanacheza nyuma. Kisha akasema, "Haya. Usiku mwema, mwalimu."

Sasa nawaambia ninyi mnaosoma, hasa ninyi walimu, na ninyi mnaodai uhuru kwa sauti kubwa kama nilivyoudai mimi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: ukiandika kila mwanafunzi, mwangalie yule anayekuandikia, umuulize kama naye yumo. Na kama umeshakosa, kama kitu cha mtu bado kiko ndani ya mkoba wako na mwenyewe anachimba hapo nje, toka nacho sasa hivi, uitwe mwongo, uzomewe, yaishe. Mimi niliona aibu kutembea hatua chache kutoka ofisini. Nimekuja kuzitembea Kiloleli, uzeeni, kuelekea shimo lile lile.